Shangazi na Wageni Kumi na Mmoja

Ijumaa hii, tarehe 30, saa kumi alasiri, Shangazi atafunga droo ya sindano kwa mara ya mwisho, baada ya miaka ishirini na saba na miezi minne katika duka letu la vyerehani. Kamati ya sherehe ilitaka wasifu wake uandikwe na mtu aliyekaa naye karibu na anayeielewa kazi yake. Sifa ya kwanza ninayo, kwa kuwa benchi langu la ufundi liko hatua nne kutoka meza yake. Ya pili sina. Nimeshinda na daftari lake wiki nzima na bado nakuna kichwa.

Tunamwita Shangazi sote, hata tajiri mwenye duka, ambaye amemzidi miaka sita. Aliajiriwa kupokea simu na kutunza stoo ya vipuri. Mshonaji akipiga simu kusema kimevunjika "kile kidude kinachorukaruka", Shangazi huuliza maswali mawili tu, kisha hufungua droo ileile inayotakiwa. Ana miwani miwili, ya kusomea na ya kutazamia watu, na akiwa na shaka huivaa yote kwa pamoja. Kalamu huichomeka kwenye kilemba, halafu huitafuta duka zima. Sisi humsaidia kutafuta, bila kumwambia iko wapi.

Miaka mitano iliyopita binti wa tajiri alitutengenezea tovuti. Tajiri akaamua kwamba anayepokea wageni wa dukani apokee na wa mtandaoni, na ndivyo Shangazi alivyokabidhiwa takwimu: tovuti imefunguliwa mara ngapi leo, ukurasa upi, mtu amekaa muda gani, amefikaje. Kila asubuhi alizinakili kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye daftari la stoo, kwa mistari ileile aliyoitumia kwa bobini na mikanda. Hakuziita takwimu, aliziita wageni. Mtu akiingia na kutoka baada ya sekunde nne, alisikitika utadhani tumemnyima kiti. Alishuku ile picha kubwa ya tajiri akiwa na suti, iliyokuwa inapokea watu ukurasa wa kwanza, akaomba iwekwe picha ya droo za vipuri. Tajiri alinuna siku mbili, lakini picha ikabadilishwa, na watu wakaanza kukaa. Kwa nini mtu avutiwe na droo kuliko suti, sijui.

Sasa linakuja kosa, na lilikuwa letu sote. Kuna mtu alimwambia tajiri kwamba tovuti isiyofunguliwa hufa. Basi ikawa amri: kila asubuhi, kabla ya kupandisha mlango wa chuma, wafanyakazi wote tisa tunatoa simu, tunaingia kwenye mtandao wa duka na kufungua tovuti "kuiamsha". Tuliiamsha tukisubiri wateja, tukaiamsha tukinywa chai, tukaiamsha kabla ya kufunga. Tulipenda zaidi kurasa za mashine mpya, kwa sababu zina picha nzuri. Idadi kwenye daftari ikapanda: arobaini, tisini, hatimaye mia mbili kwa siku. Tajiri akanunua soda kwa wote. Mimi nilichanganyikiwa kidogo, maana viti vya wateja vilikuwa vitupu, lakini nilidhani ndivyo biashara ya mtandaoni ilivyo.

Tajiri alipopitia daftari, aliona mashine mpya zinatazamwa kupita kiasi, na ukurasa wa ufundi unafunguliwa mara saba tu kwa siku. Akakata shauri kuliondoa benchi langu mwisho wa mwezi, mahali pake zipangwe mashine mpya. Barua ya kuniachisha kazi ikachapwa, ikasainiwa, ikawekwa kwenye droo. Aliyeichapa ni Shangazi. Mimi nilikuwa hatua nne kutoka kwake, napiga mluzi, sina habari.

Wiki hiyohiyo duka lilifungwa siku mbili lipakwe rangi. Tuliporudi, Shangazi akakuta idadi imeanguka kutoka mia mbili hadi kumi na moja, siku zote mbili. Namkumbuka alivyoganda mbele ya kompyuta, miwani yote miwili usoni. Alikuja kwenye benchi akaniuliza kwa nini watu walioko majumbani mwao waache kutufungua eti kwa sababu kuta zetu hazijakauka. Nikamjibu labda ni harufu. Hakucheka. Alimpigia simu binti wa tajiri, akamwomba simu na kompyuta zote zinazotumia mtandao wa duka ziondolewe kwenye hesabu.

Kesho yake tulikuwa tisa kazini, tumeiamsha tovuti kama kawaida, na idadi ikasomeka kumi na moja. Tajiri akatoka ofisini akiuliza nani ameiharibu tovuti. Tulitazamana. Shangazi akarudi naye ofisini na daftari lake, na kwa kuwa mlango ulikuwa wazi, tulimsikia wote.

"Tajiri, wale mia mbili ni sisi wenyewe. Wageni ni hawa kumi na mmoja, na saba kati yao wanamtafuta fundi."

Kisha akafunga mlango. Yaliyofuata nimeyajua wiki iliyopita tu: aliomba miezi mitatu kabla barua haijatoka kwenye droo, na tajiri, kwa shingo upande, akampa.

Miezi hiyo mitatu ndiyo iliyonivuruga zaidi. Kila asubuhi alisogeza kiti karibu na benchi akaanza maswali. Kwa nini mashine huruka mishono? Uzi ukijisokota chini, mtu aanze kuangalia nini? Mkanda ukiteleza je? Nilidhani upweke umemzidi, nikawa namjibu na kutia mizaha. Kumbe anaandika. Aliona kwenye takwimu kwamba wale saba walitufikia wakitafuta majibu ya maswali kama hayo, wengi wao Jumapili alasiri, tukiwa tumefunga. Walikaa dakika tisa, kisha wakaondoka bila kupiga simu, kwa sababu namba yetu ilikuwa mwisho kabisa wa ukurasa wa mwisho. Akaipandisha namba juu. Akaweka nafasi ya mtu kuacha ujumbe Jumapili, apigiwe Jumatatu saa mbili asubuhi. Kila wiki alitazama swali lililofunguliwa zaidi, akaongeza ukurasa mwingine kutoka mdomoni mwangu. Matangazo ya mtandaoni ambayo tajiri alikuwa akiyarusha kwa kila mwenye macho, akayaelekeza kwa wenye mashine mbovu.

Siku moja akaja mshonaji nisiyemjua, akaweka mashine mezani na kuniambia ameshafagia vumbi chini ya meno yanayosukuma kitambaa, "kama ulivyosema", na bado inaruka. Nikajiuliza nilisema lini, maana sikumbuki kukutana naye. Akaendelea kunieleza ugonjwa wa mashine yake kwa maneno yangu mwenyewe, mpaka ule mzaha wangu wa sindano iliyopinda na shemeji mkaidi. Nyuma yake walikuwa wamesimama wengine wawili. Leo mabenchi ya ufundi ni mawili, na mashine mpya tunawauzia zaidi hao hao waliokuja kutengenezewa za zamani.

Wiki iliyopita Shangazi alinikabidhi daftari, kwa sababu wageni sasa nitawaandika mimi. Kwenye ukurasa wa wale kumi na mmoja nikakuta karatasi iliyokunjwa. Ilikuwa barua yangu, na saini ya tajiri. Nyuma yake, kwa kalamu, amechora jedwali la miezi mitatu, wiki kwa wiki. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Nililia, na sioni haya kuandika hivyo hapa. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema ningejua ningeacha kupiga mluzi, na mtu mwenye hofu hatoi majibu mazuri.

Shangazi, kwa niaba ya tajiri, binti yake na wenzako wote, asante kwa kutupokelea wageni, wa mlangoni na wasioonekana. Tunakuombea afya, asubuhi za kuamka unapotaka, na kalamu isiyopotea.

Tangu siku ile ya wageni kumi na mmoja ulitukataza kuifungua tovuti bila sababu, hata nyumbani, na wewe mwenyewe hukuwahi kuvunja sharti. Kuanzia Jumatatu wewe si mfanyakazi tena. Ifungue ukiwa kwako, ukae muda wowote upendao. Nimemuuliza binti wa tajiri kama nitaweza kukutambua katika takwimu, akasema hapana, utakuwa mmoja tu kati ya wengi. Basi nitachanganyikiwa kila asubuhi, nikiwatazama wote nisijue ni yupi. Lakini utahesabiwa.