Babu wa Kuazima

Treni ya asubuhi ilikuwa na nafasi. Mbele yangu fundi cherehani, sindano mbili bado zimechomekwa kwenye kola, alimsimulia fundi bomba aliyeketi naye kipindi cha katuni cha jana: familia inaonyeshwa mababu zake, na wote wana kitambi kilekile na ujinga uleule.

"Mwanangu alicheka mpaka akashikwa na kwikwi, kisha akaniuliza, 'Mama, na babu yetu alikuwa na vituko gani?' Kaka, mimi nimekulia kituo cha yatima, simjui hata mmoja. Nikatunga: alitumbukia kisimani akipima kina. Leo mtoto anakwenda kusimulia habari zake darasani."

"Dada, mwambie ukweli kabla hajaumbuka."

"Ukweli wangu unaanzia kwenye faili la kituo. Hapo mtoto atacheka nini?"

Fundi bomba alimgeukia. "Basi mchukue babu yangu. Alitengeneza kabati chumbani, likawa kubwa kushinda mlango, akabomoa ukuta kulitoa. Angalau huyu alikuwepo."

Kwa hesabu yangu ungebaki uongo, ila wenye mashahidi.

"Wa kwako simtaki, ndugu zako watakuja kumdai," alisema fundi cherehani, akainuka treni iliposimama. Mlangoni akageuka. "Alikuwa na upara? Maana mtoto keshamchora."