Mwalimu wa Kamba Nyekundu: Maisha ya Jacinta Wangeci Kariuki

Mvua ya masika ilikuwa imeharibu njia zote za Othaya Jumatatu ile, tarehe 9 Aprili 1956, hata mkunga akachelewa. Alipofika alimkuta mtoto amekwisha kuzaliwa na kufunikwa shuka, naye analia kwa sauti iliyosikika mpaka nje. “Huyu ananigombeza kwa kuchelewa,” mkunga akasema. Bartholomeo Gichuki, baba wa mtoto, alicheka akatabiri kwamba nyumba yake imepata mwalimu. Mzee Bartholomeo ametangulia mbele ya haki. Jemimah Nyambura, mama aliyemzaa Jacinta asubuhi hiyo, ameketi hapa mbele yetu leo, na hakuna maneno katika wasifu huu yatakayotosha kwake.

Jacinta alianza masomo hapa nyumbani mwaka 1963, akaendelea na sekondari ya wasichana mjini Nyeri, kisha akaingia chuo cha ualimu na kuhitimu mwaka 1977. Alirudi kufundisha darasa la kwanza katika shule ileile aliyosomea. Wengi wenu mliosimama hapa mlipitia mikononi mwake. Mnakumbuka alivyowapanga kando ya barabara ya lami kabla ya kuwaruhusu kwenda nyumbani, na wimbo wake ambao haukuwa wimbo: tazama kulia, tazama kushoto, tazama kulia tena. Asiyetazama alirudishwa nyuma ya mstari. Kwa miaka kumi na minane Mwalimu Jacinta alisimama kando ya barabara ile, na shingo yake ilizoea kugeuka hivyo kama tunavyozoea kupumua.

Ni hapo pia alipompata mume. Kariuki alikuwa dereva wa lori la maziwa, na siku moja Mwalimu aliinua mkono katikati ya barabara, akamsimamisha hadi mtoto wa mwisho avuke. Mtoto wa mwisho alikuwa amedondosha daftari na hakuwa na haraka.

“Mwalimu, maziwa yangu yataharibika!” Kariuki alipaza sauti dirishani.

“Yaharibike. Kesho ng’ombe watakamuliwa tena.”

“Na mimi nikifukuzwa kazi?”

“Utakuja kufagia darasa langu.”

Walifunga ndoa tarehe 15 Desemba 1979. Mungu aliwajalia mabinti wawili, Muthoni na Nyambura. Kariuki hakufagia darasa, lakini kila alipopita na lori mbele ya shule alipunguza mwendo hata siku za likizo, wakati hapakuwa na mtoto hata mmoja.

Mwaka 1995 Jacinta aliacha ualimu akafungua duka la viatu mjini Nyeri. Mwanzoni alinunua Nairobi. Kisha, Oktoba 1997, alifuatana na wafanyabiashara wenzake hadi Guangzhou, kusini mwa China, ambako viatu vilevile viliuzwa kwa jumla katika masoko yanayozunguka stesheni ya treni. Alipanga chumba karibu na mtaa wa Liuhua pamoja na Muzdalifa, mwanamke wa Unguja aliyekuwa akinunua vitambaa. Mmoja alisali Jumapili na mwingine mara tano kwa siku, na wote wawili walikunywa chai ya tangawizi kwenye birika moja. Kwa miaka miwili Jacinta aliishi hivyo, miezi kadhaa kule na miezi kadhaa hapa.

Barabara ya Zhanxi, yenye masoko hayo, ilimtisha siku ya kwanza. Mikokoteni, baiskeli, marobota ya viatu yaliyopita vichwa vya watu, na pikipiki kila upande, kwa maana pikipiki ndiyo iliyomfikisha mfanyabiashara kutoka soko moja hadi jingine kabla bei hazijabadilika. Wengine waliogopa siku moja wakazoea. Jacinta hakutaka kuzoea kitu asichokielewa. Aliona bango limebandikwa ukutani karibu na stesheni, lina picha ya pikipiki na mistari mingi ya Kichina. Akamshika mkono binti wa mwenye nyumba, mwanafunzi aliyejua Kiingereza, akampeleka mbele ya bango na kumwomba amsomee yote, mstari kwa mstari.

Zilikuwa sheria za jiji kuhusu pikipiki. Ikae ukingo wa kulia pamoja na baiskeli. Isipande njia ya waendao kwa miguu. Ibebe abiria mmoja tu, na wote wawili wavae kofia ngumu. Mzigo usizidi upana wa usukani. Taa ziwashwe jioni. Barabara kubwa zilizofungwa kwa pikipiki zisijaribiwe, hata zikionekana tupu. Jacinta alifurahi kama aliyepewa mtaala mpya. Kesho yake alifungua shule kwenye ngazi za jengo walimokaa.

“Mwalimu ametufuata mpaka China,” alilalamika Mwenda, muuza mikanda wa Meru, aliyezoea kupanda na mwenzake wa pili nyuma na robota katikati. “Sasa ataanza kukagua kucha.”

“Nitaanza na zako, Mwenda. Mmoja ashuke.”

“Mwalimu, ni hapo tu mbele!”

“Ajali nazo hutokea hapo tu mbele. Ashuke.”

Akina mama hawakutaka kofia ngumu kwa sababu ya nywele zilizosukwa. Jacinta aliwashonea vikofia vya pamba vya kuvaa ndani, akamaliza mjadala. Muzdalifa alidai kwamba mtandio wake unatosha. “Mtandio hauzuii lami, shoga,” Jacinta alimjibu, akampa kikofia cha kijani, rangi aipendayo.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo bango halikulitaja, na hakuna aliyeliandika kwa sababu hakuna Mchina aliyehitaji kuambiwa. Kule magari hupita mkono wa kulia. Sisi tumekulia ambako hupita mkono wa kushoto. Mtu wa Nyeri, wa Mombasa au wa Unguja akishuka kwenye chombo, mguu wake huenda kushoto wenyewe, maana kushoto ndiko kwenye usalama, kwenye majani na watu. Guangzhou, kushoto ndiko yanakopita magari. Wiki moja Jacinta aliona wenzake wawili wakiponea chupuchupu, na wote wawili waliapa kwamba walitazama. Aliwaamini. Walitazama, ila walitazama kama watu wa nyumbani.

Ndipo alipobuni kamba. Maboksi ya viatu kule hufungwa kwa kamba nyekundu ya plastiki, nayo hutupwa ovyo sokoni. Jacinta aliikata vipande, na kila mgeni aliyefika alimfunga kimoja kwenye kifundo cha mkono wa kulia. “Shuka upande wa kamba,” aliwaambia. Hakuna somo fupi kuliko hilo. Wachina sokoni walidhani ni dini yetu. Waliomwona mtu mwenye kamba walimwita mwanafunzi wa Mwalimu, na hata waendesha pikipiki walijifunza kutamka neno “kamba” wanaposimama.

Wa kwanza kulitamka alikuwa Liang, mwendesha pikipiki wa makamo aliyembeba Jacinta tangu mwezi wake wa kwanza. Walimwita Lao Liang, kwa heshima ya umri wake. Alisimama ukingoni kabisa, akageuka na kusema, “Kamba, Mwalimu!” naye Jacinta akainua mkono wa kulia kama mtoto darasani. Alimnunulia Jacinta kofia nyeupe na kumwomba binti wa mwenye nyumba aandike juu yake kwa herufi zetu: MWALIMU.

Julai mwaka huu Jacinta alikuja nyumbani, akakaa kwa muda mrefu kuliko kawaida ili amsaidie Muthoni kuandaa harusi yake. Ilikuwa miezi ya furaha. Alivuka barabara ya Othaya kila siku na kutazama kulia, kushoto, kulia tena. Alhamisi, tarehe 28 Oktoba, alitua uwanja wa ndege wa Baiyun pamoja na akina mama wawili waliokuwa wanafika kwa mara ya kwanza. Alitoa kamba mkobani wakiwa bado wanasubiri mizigo, akawafunga.

“Na wewe, Mwalimu?” mmoja akamuuliza.

“Wangu unajua,” akasema, akijipiga kifundo cha mkono.

Aliwafikisha hotelini, kisha akampigia simu Lao Liang ampeleke Zhanxi kumsalimu Muzdalifa. Alivaa kofia yake nyeupe. Liang aliendesha ukingoni mwa kulia, akasimama ukingoni mwa kulia, akageuka kusema neno lake. Jacinta alikuwa amekwisha kushuka. Aliuweka mguu kushoto, na gari dogo la mizigo lililokuwa likipita halikuwa na nafasi ya kumkwepa.

Kofia ilifanya kazi yake. Madaktari walisema kichwa hakikuguswa, na ndiyo sababu alizungumza na watu mpaka mwisho. Yaliyoumia yalikuwa nyonga na tumbo, na damu ilikuwa ikivujia ndani.

Walipofika hospitali, wafanyabiashara walimkuta Lao Liang ukumbini, na hasira ikampata Mwenda. Alimkaba shati kifuani. “Umetuulia mama yetu!” Polisi walikuwa wamezuia pikipiki ya Liang mpaka maelezo yapatikane, na maelezo yangetoka kwa mtu mmoja tu. Bila pikipiki hakuwa na kazi, na nyumbani kwake kulikuwa na watoto na mama mzee. Jacinta alisikia kelele, akamtuma Muzdalifa amlete Mwenda kitandani.

“Mwenda, umefunga kamba?”

“Mwalimu, sasa si wakati wa…”

“Nionyeshe.”

Mwenda alionyesha mkono.

“Na mimi nikuonyeshe wangu,” Jacinta akasema, akautoa mkono wa kulia nje ya shuka. Ulikuwa mtupu. Mwenda alipiga magoti pale pale akalia kama mtoto. “Nenda ukamtengeneze Lao Liang shati lake,” akamwambia.

Afisa alipokuja na mkalimani, Muzdalifa alimsihi Jacinta asubiri hadi apate nguvu. “Kesho, dada yangu, wallahi, polisi hawahami.” Jacinta alikataa. Alisema kwamba dereva alisimama panapotakiwa, kwamba kofia ilikuwa kichwani, kwamba sheria zote za jiji zilifuatwa, na kwamba aliyekosea upande ni yeye. Alirudia mara mbili ili mkalimani asipunguze neno. Pikipiki ilirudishwa.

Kariuki alikuwa Nairobi akihangaikia viza ambayo haikutoka kwa wakati. Walizungumza kwa simu, Muzdalifa akiwa ameishika.

“Mama Muthoni, ni nani aliyekugonga?”

“Usitafute mtu, Baba Muthoni.”

“Nataka jina lake tu.”

“Najua unataka kufanya nini na jina. Sikiliza. Huko nyumbani watasema Mchina aliniua. Usiwaache. Siku ya kunizika habari hii isomwe mbele ya watu wote, watoto wangu wa shule wasikie.” Akapumzika kidogo. “Sema nilishuka upande wa nyumbani.”

Kariuki, aliyeendesha malori kwa miaka ishirini, alielewa mara moja. Kisha akasema, “Nimesikia, Mwalimu.” Hakuwahi kumwita hivyo tangu siku ya lori la maziwa.

Jacinta alifanyiwa upasuaji, akapata nafuu ya siku chache, akazidiwa tena. Alifariki dunia Jumatano, tarehe 3 Novemba 1999, mchana, Muzdalifa akimsomea dua upande mmoja na Mwenda akimsomea zaburi upande mwingine. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu. Siku mwili wake ulipopelekwa Baiyun kusafirishwa, waendesha pikipiki wa Zhanxi walilisindikiza gari hadi mahali ambapo sheria inawaruhusu kufika. Walikwenda mmoja nyuma ya mwingine, ukingoni mwa kulia, kofia vichwani na taa zimewashwa ingawa ilikuwa mchana. Walipofika mwisho wa barabara yao, walisimama. Lao Liang alikuwa mbele. Alimkabidhi Mwenda kofia nyeupe, ile iliyo juu ya jeneza hili.

Familia imeona vyema kuyasoma haya yote kama Jacinta alivyoagiza. Hakuna aliyemuua. Kama kuna mtu hapa aliyesema vingine njiani, na arudi njiani akaseme hivi.

Jacinta Wangeci ameacha mumewe Kariuki, mabinti wake Muthoni na Nyambura, mkwe wake mtarajiwa, mama yake mzazi, Jemimah Nyambura, kaka na dada zake, na wanafunzi wa darasa la kwanza ambao sasa wengine wana ndevu kidevuni. Guangzhou amemwacha Muzdalifa, dada ambaye hakuzaliwa naye, na wote wenye kamba nyekundu mkononi. Mwenda amekuja na yake. Muthoni ataolewa Desemba kama ilivyopangwa, kwa kuwa mama yake alikwisha kuchagua viatu.

Mwalimu, safari hii hapakuwa na haja ya kutazama. Umeshukia upande wa nyumbani, nasi tupo hapa tumekupokea. Lala sasa, mama yetu, ulale kwa utulivu.