Wasifu wa Mama Eddah Mwarandu na Kuku Aliotuachia

Marehemu Mama Eddah Sidi Mwarandu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961 karibu na Ganze, Kilifi, mtoto wa pili wa Mzee Munga na mkewe Bi Kadzo. Wasifu huanza kwa utulivu, na sisi watoto wake tungependa huu nao uwe hivyo. Lakini ratiba mlizoshika zimechelewa kuchapwa, na sababu iko kwenye banda la kuku, nyuma ya hema mlimoketi. Tutafika huko.

Alisoma shule ya msingi ya misheni kijijini kwao hadi darasa la saba, mwaka wa 1976, kisha akajifunza ushonaji mjini Kilifi. Mwaka wa 1983 aliajiriwa kwenye chumba cha kufulia katika hoteli moja ya Shanzu, akapiga pasi mashuka ya watalii kwa zaidi ya miaka thelathini. Wenzake wanasimulia kwamba akishafika kituo cha basi, alikuwa akigeuka na kurudi kuhakikisha pasi imezimwa. Hakuwahi kuikuta inawaka.

Tarehe 7 Desemba 1985 alifunga ndoa na baba yetu, Bwana Matthew Mwarandu, aliyekuwa mfanyakazi wa bandari. Siku hiyo bibi harusi aliinuka kitini na shela lake kichwani, akaenda jikoni kuuliza kama pilau haiungui. Baba husema hapo ndipo alipojua ameoa mtu wa namna gani, na kwamba pilau kweli ilikuwa imeanza kushika.

Hoteli ilipofungwa mwaka wa 2015, mama alirudi nyumbani hapa Kisauni akaanza kufuga kuku wa kienyeji, na wasiwasi wote aliokuwa akiyagawia mashuka akauhamishia kwao. Kila jioni aliwakamata mmoja mmoja, akawatazama macho, kinyesi na chini ya mbawa. Alichokiogopa zaidi ni kideri, ugonjwa unaoweza kumaliza banda zima kabla hujajua umeingilia wapi. Kwa hiyo alikuwa na sheria moja: kuku mgeni hukaa peke yake wiki mbili, kwenye tundu lililo upande wa pili wa uwanja, ndipo achanganywe na wenyeji. Watu nao hawakusalimika. Mchungaji wetu alipokuja kutoka nyumba yenye kuku wagonjwa, alisimamishwa langoni.

"Viatu hapo kwenye beseni, Mchungaji," mama alimwambia. "Dhambi zangu utaniombea, lakini kideri hakisikii maombi."

Mchungaji aliosha viatu. Yupo hapa leo, anaweza kushuhudia.

Mwezi wa Februari mwaka huu mama aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa moyo, na kufikia Aprili akawa amelazwa. Chanjo ya kuku ya mwezi huo ikapita, maana sote tulikuwa wodini. Siku zake za mwisho alimshika baba mkono, akamwambia, "Baba Ronny, wale kuku ni wako sasa. Usiwachanganye na wageni."

"Nimesikia, mama."

"Umesikia au umeitikia?"

Baba aliahidi. Mama alifariki dunia Ijumaa tarehe 9 Mei 2025, alfajiri.

Jumanne iliyofuata aliwasili kaka yake, mjomba wetu Bwana Munga, na kuku wanne wa matanga waliofungwa miguu. Ni heshima kubwa, na tunamshukuru. Mimi Phoebe, binti wa marehemu, nilikuwa nimekwenda kutafuta viti. Niliporudi, kuku wale hawakuwepo kivulini walipowekwa. Walikuwa bandani, wakila pamoja na wa mama.

"Baba, nani amewaweka humu?"

"Mimi," alisema. "Wametoka kwao kuja kwenye msiba. Ningewaachaje wamefungwa kama wezi?"

Nilimuuliza mjomba kama kuku wake ni wazima. "Wazima kabisa, mwanangu," alijibu, kisha akafikiri kidogo. "Ni wa jirani ndio wanaokufa."

Tuliwatoa jioni ile ile, lakini walikuwa wamekwisha kunywa maji chombo kimoja. Alhamisi jirani yetu, Bi Mahfoudha, alimwita baba ukutani.

"Baba Ronny, wallahi sitaki kukutia hofu na msiba huu ulio nao. Lakini yule tembe wa wageni yuwasinzia tangu asubuhi, na choo chake cha kijani."

Kuku yule alikufa kabla ya magharibi. Daktari wa mifugo alitueleza kwamba kama ni kideri, dawa hakuna, na chanjo sasa haiwaokoi walioambukizwa. Tungoje. Tangu hapo baba ameketi mkekani mbele ya banda, na wengi wenu mmempa mkono wa pole palepale. Hakatai kula, anasahau tu. Jana aliniuliza, "Phoebe, kitu kimoja aliniomba. Nikimzika kesho na kuku wake keshokutwa, nitakuwa mume wa aina gani?" Ninaogopa kama yeye.

Kwa sababu hiyo chakula cha leo ni wali, maharagwe na nyama ya ng'ombe. Tunawaomba msiwachukulie vibaya wafiwa: asiondoke mtu na kuku wala yai, na kila anayetoka akanyage kwenye beseni lililo langoni. Wengi wenu mna kuku nyumbani, na mama asingekubali mtoke na balaa kwake.

Mama Eddah ameacha mume wake, Bwana Matthew Mwarandu, watoto wawili, Ronny na Phoebe, wajukuu watatu, kaka yake, Bwana Munga, na kuku kumi na wanane, ambao hadi wasifu huu unapelekwa kuchapwa jana jioni walikuwa wazima wote.

Alihangaika vya kutosha. Apumzike kwa amani. Kuhangaika sasa ni kwetu.