Bibi Harusi Kaenda Kuchuma Maua

Sogeeni, wanangu, na huyo anayebangua pistachio mlangoni aache, maana sauti niliyobaki nayo ni ndogo. Yadollah mwanangu, keti. Najua mulla anakuja karibuni kumwozesha binti yako Mahrokh, na najua umekubali sharti lake lifutwe katika hati ya ndoa, ati wakwe wataona haya. Waone.

Sikilizeni. Siku naolewa na baba yenu hapa Kashan, wanawake wametandaza kitambaa juu ya kichwa changu wanasagia sukari juu yake ili ndoa iwe tamu, mulla aliuliza nyuma ya pazia kama nimeridhia, na mama akajibu kama ilivyo ada, "Bibi harusi kaenda kuchuma maua." Akauliza tena. "Kaenda kuleta maji ya waridi." Mara ya tatu ilikuwa yangu kuitika, nami nikanyamaza. Mama mkwe akacheka, "Kumbe mmetupa bubu?" Shangazi yangu akamwambia, "Si bubu, dada, anangoja wino." Nikanyamaza mpaka chai ya wageni ikapoa, mpaka likaandikwa sharti kwamba baba yenu akioa mke mwingine, au akinihamisha Kashan bila ridhaa yangu, mimi ndiye wakili wake, najitaliki mwenyewe.

Unasema sikulitumia hata siku moja, kwa hiyo halina kazi. Yadollah, baba yako alipotaka kutuhamishia Bombay hakuniamuru. Alikaa hapo ulipokaa, akaniomba, nikakataa, akaagiza chai nyingine. Hiyo ndiyo kazi ya sharti.

Nyumba ni yako. Sakineh binti yangu, chukua mazulia na vyombo vya shaba, wala msigombane mbele ya majirani. Theluthi yangu ninayoruhusiwa kumwusia nimtakaye, ile bustani ya waridi, nampa Mahrokh. Na kile kitambaa cha sukari.

Mahrokh, njoo karibu, sikuoni vizuri. Watakuharakisha. Watasema unaaibisha baba. Wewe nyamaza tu, mama, usi... nipeni maji. Radhi zangu mnazo wote. Hata wewe, Yadollah. Mungu awa...

Basi Yadollah akarithi nyumba, Sakineh mazulia na shaba, Mahrokh bustani na kitambaa. Arobaini ilipokwisha, Mahrokh akiwa chini ya kitambaa hicho, mulla aliuliza mara tatu, akauliza na ya nne. Kimya. Wakwe wakatazamana, chai ikapoa, na aliyeinuka kwenda kuleta wino alikuwa Yadollah.