Kaseti Haina Midomo

Benchi la mianzi la Bi Tao, muuza chai, linatazamana na lango la sekondari kuu ya Qingtang, mji mdogo wa China, na siku za kawaida kelele za wanaolikalia huwashinda hata wauza samaki wa sokoni. Lakini leo ni siku ya pili ya mtihani wa kuingia chuo kikuu, na saa tisa kamili alasiri watahiniwa watawekewa kaseti ya Kiingereza. Mji mzima umeambiwa ufunge mdomo. Polisi wamezuia barabara kwa utepe. Wenye pikipiki wanazisukuma kwa mikono kama watu wanaoswaga ng'ombe mgonjwa. Mashine ya zege kwenye jengo jipya imezimwa tangu asubuhi, na Bi Tao amekifunga kitambaa kifuniko cha birika lake kisije kikalialia. Kati ya waliokaa hapo, mmoja tu ndiye mwenye mtoto ndani: Mwalimu Kuang, mzee wa miaka sabini na mmoja, aliyefundisha shule ya msingi kwa miaka thelathini na minane. Mjukuu wake Ruolan yuko chumba cha tatu, ghorofa ya pili. Kikombe cha Mwalimu kimejaa, na chai imeshapoa.

— Saa ngapi sasa? akauliza.

— Nane na nusu, akajibu Fundi Soli, mshona viatu, bila kuinua macho kwenye kisigino alichokuwa akikigonga kwa ngumi, maana nyundo nayo ilipigwa marufuku. Umeuliza dakika mbili zilizopita, Mwalimu. Muda hauongezwi maji kama chai ya Bi Tao.

— Chai yangu ina nini? akadakia Bi Tao.

— Haina kitu, dada. Ndiyo kasoro yake.

Wa nne alikuwa Honi. Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika. Aliendesha basi miaka thelathini, hakupita kona bila kupiga honi, na alipostaafu honi ikahamia kooni. Bi Tao alikuwa amempa konzi ya mbegu za alizeti ili kinywa chake kiwe na kazi nyingine.

— Mimi nawaambieni, akasema Honi, kwa sauti aliyoiona ya chini, watoto wetu hawafeli kusikiliza kwa sababu ya uzembe. Ni wali.

— Wali umefanya nini?

— Mzito! Mzungu anakula mkate, ulimi wake mwepesi, maneno yanatoka yanaruka kama panzi. Sisi tunakula wali, masikio yanalala. Panzi na aliyelala, nani atamkamata nani?

— Na wewe unayekula bakuli tatu?

— Ndiyo maana sikusikii ukinitukana.

Soli akacheka chini chini.

— Mimi namhurumia yule bwana wa kwenye kaseti, akasema. Watoto wangu watatu wamefanya mtihani huu, na kila mwaka yule bwana ana mkosi uleule. Treni imemwacha. Maktaba imefungwa. Mwavuli kausahau kwa daktari wa meno. Halafu mtoto anaulizwa, je, bwana huyu anajisikiaje?

— Anajisikiaje?

— Vibaya! Jibu ni vibaya. Wangewafundisha hilo tu, tukaokoa miaka sita. Lakini hata hivyo, Honi, kosa si wali. Kosa ni kulala. Sikio la kushoto ni la lugha ya nyumbani, la kulia ni la lugha ya nje. Mtoto akilalia la kulia usiku kucha, Kiingereza chote kinamwagikia mtoni.

— Mtoni? Wapi?

— Kwenye mto wa kulalia, we! Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Yaani mkunje mtoto angali mdogo alale kwa kushoto.

— Haa! Bi Tao akajifunika kinywa kwa kitambaa cha kufutia meza. Wanaume mkikaa pamoja, akili inakimbilia kwa majirani. Dawa ya sikio ni sikio. Nguruwe! Mpwa wangu nilimlisha masikio ya nguruwe mwaka mzima, ya kuchemsha, yenye pilipili na kitunguu saumu. Leo hii anasikia hata mama yake akiwaza.

— Anawaza nini mama yake?

— Kwamba mpwa wangu ni mnene. Lakini alifaulu! Na Mwalimu hapa analijua hilo, amenyamaza tu. Tangu mwaka mpya nakuona kwa mchinjaji kila Jumamosi, Mwalimu. Masikio mawili, mara nyingine manne. Nikasema, mzee ameanza kunywa, anatafuta kitu cha kushushia.

Wote watatu wakamgeukia.

— Ni ya kushushia pombe, akasema Mwalimu Kuang.

— Wewe hunywi pombe, Mwalimu.

Mwalimu aligeuza uso. Alitazama lango. Ruolan alikuwa ameingia pale nusu saa iliyopita, na mfuko wake wa plastiki unaoonyesha kalamu, penseli na kadi ya mtahiniwa. Alipofika ndani ya lango aligeuka, kama anavyogeuka siku zote, akamtazama babu yake mdomoni. Barabara nzima ilikuwa kati yao. Mwalimu alisema, bila kupaza sauti, "Sikiliza vizuri." Na mtoto akaitikia kwa kichwa.

Honi, ambaye hakuvumilia kimya chochote ambacho hakikuagizwa na polisi, akamwokoa.

— Mmesikia habari za vyura? Asubuhi watu walizunguka bwawa la mayungiyungi la shule wakiwa na ndoo. Vyura hamsini na wanane! Wamepelekwa bwawa la kiwanda cha matofali, warudi kesho mtihani ukiisha. Na nyenje wametolewa mitini kwa mianzi iliyopakwa gundi ya unga wa ngano. Lakini babu lao amebaki.

— Babu la nani?

— La vyura. Naijua sauti yake, ni nzito kama breki za basi. Amejificha chini ya matope. Basi asubiri, mficha maradhi kifo humuumbua.

— Chura na maradhi wapi na wapi? Soli akauliza.

— Si amejificha? Methali ni kiraka, fundi. Unakibandika popote penye tundu.

Walicheka wakiwa wameziba midomo, mabega yakiruka. Kikombe cha Mwalimu kiliinama, na chai baridi ikamwagikia suruali yake. Hakuifuta.

Alikuwa akikumbuka majira ya baridi yaliyopita, wiki moja kabla ya mwaka mpya. Ruolan alikuwa anapakua supu jikoni, amempa mgongo. Mwalimu akamwita. Akamwita tena. Akasogea hatua mbili, akamwita kwa sauti ile aliyokuwa akiitumia kunyamazisha watoto hamsini, na msichana akaendelea kupakua supu, akiimba kidogo, bila hata kugeuza shingo. Siku hiyo ndipo Mwalimu alipoelewa kwa nini mtoto huyu, tangu akiwa darasa la nne, alichagua kukaa mbele, na kwa nini hakupenda kuzungumza gizani. Alikuwa anasoma midomo. Alisoma midomo kama alivyosoma vitabu, haraka na bila kuchoka. Na katika karatasi za kusoma Kiingereza hakuna aliyemfikia shuleni. Kwenye sehemu ya kusikiliza, yenye alama thelathini kati ya mia na hamsini, alipata saba, nane, tisa. Alama za kubahatisha. Walimu walidhani anasinzia. Wazazi wake walikuwa viwandani, mbali kusini, na kwenye simu ya picha mtoto alionekana anajibu kila kitu sawasawa.

Mwezi wa tatu mwalimu wake wa darasa, dada mmoja mpole aitwaye Xiang, alikuja nyumbani na fomu. Akaieleza polepole. Mtoto apimwe hospitali ya mkoa, apewe kadi, asamehewe kusikiliza. Alama zake za kusoma na kuandika zitakuzwa mpaka zifikie mia na hamsini. Fomu irudi kabla ya mwezi kuisha.

Mwalimu Kuang aliisoma mara mbili. Aliona neno litakaloandikwa kwenye kadi: ulemavu. Akaona ubao wa matangazo ulio nje ya lango, ambako majina ya waliosamehewa hubandikwa wiki nzima kabla ya mtihani, na mji mzima hupita pale kwenda kununua mboga. Akamwona mchumba ambaye bado hajazaliwa katika fikra za mtu yeyote, akilisoma jina hilo na kugeuza njia. Dada Xiang alipoondoka, akaikunja fomu mara nne. Ruolan alipouliza ni karatasi gani, alimwambia:

— Ni ya viziwi. Wewe si kiziwi. Wewe hukazi akili tu.

Ruolan aliyasoma maneno hayo midomoni mwake, moja baada ya jingine. Akaitikia kwa kichwa.

— Fundi, Mwalimu akasema sasa, na sauti yake ikawashangaza kwa kuwa ndogo. Hivi mtu asiyesikia sawasawa, huko ndani anafanyaje?

— Kuna fomu, akajibu Soli. Humkumbuki mtoto wa muuza tofu? Yule mwenye maradhi ya sikio. Alisamehewa.

— Akafika chuo?

— Amefika, amemaliza, sasa anachora madaraja huko kaskazini.

— Na jina lake? Si lilibandikwa ubaoni?

— Lilibandikwa, ndiyo. Soli akakigeuza kiatu, akakitazama soli. Watu walisoma siku ya kwanza, wakasoma ya pili. Ya tatu mvua ikanyesha, karatasi ikalowa ikadondoka. Kwa nini unauliza?

— Nauliza tu.

Kengele ya shule ikalia mara moja. Saa tisa.

Bi Tao alizinyakua mbegu za alizeti mkononi mwa Honi. Polisi wawili kwenye utepe wakainua mikono, ingawa hapakuwa na cha kusimamisha. Mama mmoja aliyevaa gauni jekundu la bahati akafumba macho. Kisha, juu ya ukuta, kutoka kwenye spika za madarasa, sauti ikaja. Ilikuwa ya mwanamke, halafu ya mwanamume. Mwalimu Kuang hakujua Kiingereza hata neno. Lakini kila sauti ilimfikia safi, moja moja, kama kijiko kikigonga glasi. Yeye, mzee, ng'ambo ya barabara, aliisikia yote.

Kaseti haina midomo, aliwaza. Atatazama wapi?

Wakati huo mwanamke mmoja akatokea kichochoroni na mti begani, vikapu viwili vya yangmei vikining'inia huku na huku, matunda mekundu yaliyoiva mpaka yanavuja. Alitoka mlimani, miguu yake bado ina udongo. Alipotaka kunadi, Honi alimrukia kwa mikono yote miwili.

— Shhh! Dada yangu, utatuua!

— Nini? Kuna msiba?

— Zaidi ya msiba, akanong'ona Honi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alinong'ona kweli. Mtihani. Wanasikiliza Kiingereza.

Mwanamke akashusha vikapu taratibu, akakaa ukingoni mwa benchi, karibu na Mwalimu. Bi Tao akammiminia chai. Akanywa, akatega sikio kwenye ile sauti inayopita juu ya ukuta, akatazama barabara tupu, polisi, mashine ya zege iliyonyamaza.

— Hata magari? akanong'ona.

— Hata vyura, akasema Soli.

— Ili kila mtoto asikie.

— Ili kila mtoto asikie, akarudia Honi kwa fahari.

Mwanamke akafikiri. Vidole vyake vilikuwa vyekundu kwa maji ya matunda.

— Samahanini, mimi sikusoma, nauliza tu. Na mtoto ambaye masikio yake hayasikii, lakini Kiingereza anakijua? Huko ndani wanapima Kiingereza, au wanapima masikio?

Honi akautazama utepe wa polisi. Soli akamtazama Bi Tao, Bi Tao akalitazama birika, kama aliyetumaini lingelia limwondolee aibu. Ng'ambo ya ukuta yule bwana mwenye mkosi aliuliza kitu, mwanamke akamjibu, kisha ukaja ule ukimya mfupi ambao watahiniwa hupewa waandike jibu.

Mwanamke wa yangmei akamgeukia mzee aliyekaa kando yake, mwenye kalamu mfukoni mwa shati na suruali iliyolowa chai.

— Wewe, mzee wangu, unaonekana kama mwalimu.

Kwa miaka thelathini na minane Mwalimu Kuang aliwaambia watoto: anayejua jibu, anyooshe mkono. Alijua jibu. Lilikuwa nyumbani, limekunjwa mara nne, ndani ya kitabu cha hesabu.

Mkono wake ulibaki juu ya goti.