Fundi Aliyeshuka Ngazi Akihesabu

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika kitengo cha matengenezo cha shirika letu la nyumba, fundi mkuu wa umeme anastaafu tarehe 30 Juni. Sisi tunamwita Kiguu na Njia. Hajawahi kulikataa jina hilo, maana hakai mahali muda wa kutosha kubishana.

Alianza kwa kuvuta waya darini, akapanda hadi kusimamia mafundi tisa. Ofisi ilimpa kiti cha kuzunguka. Mpaka leo hakijavuliwa nailoni. Chai yake tumeimwaga mara nyingi kuliko alivyoinywa.

Kutotulia huko kuna chanzo, na ameniruhusu nikiandike. Miaka kumi na miwili iliyopita, mama mmoja mshonaji alilalamika kuwa taa ya ngazi yake inachelewa kushika mwanga. Mzee wetu akafika, akabonyeza swichi, akapiga soga kidogo, akatazama juu: taa inawaka vizuri. Akajaza fomu kwamba taa ni nzima. Siku ya tatu mama yule alikosea kidato kwenye mwanga hafifu, akavunjika mkono wa kushikia mkasi. Mzee alipokwenda kumpa pole aliambiwa: "Fundi, wewe uliisubiri iwake. Mimi nilikuwa nashuka."

Tangu hapo, kila nyumba anawasha taa ya ngazi na papo hapo anaanza kushuka, akihesabu kwa sauti. Akifika chini kabla mwanga haujakamilika, balbu ya kubana umeme, aina inayoongeza mwanga polepole, inahamia sebuleni, ambako watu wamekaa, na kwenye ngazi anafunga ya LED isiyochelewa. Wapangaji walimcheka. Nami nilimcheka, mpaka nilipohesabu nyumbani kwetu nikafika hamsini na mbili ndipo mwanga ukakamilika, na mama yangu analala ghorofani.

Mwezi uliopita nyumba kumi na nne zilikuwa bado kukaguliwa. Aliomba aongezewe muda, utawala ukakataa, akawa hali vizuri wala halali vizuri. Ilituuma kumwona hivyo, tukamnyang'anya orodha ya nyumba hizo ili tuzimalize wenyewe.

Mzee, jana tumemaliza. Jina la mwisho kwenye orodha lilikuwa lako. Mkeo alitufungulia mlango, akatuambia hushuka akipapasa ukuta, na hakutaka kukusumbua kwa kuwa watu wengi wanakungoja. Tumehesabu arobaini na saba. Balbu tumeshaibadilisha.

Asante kwa yote, na siku zako za mapumziko ziwe njema. Sasa nenda ukakae na mkeo.