Dakika Thelathini na Moja za Gadi Wenceslaus

Mheshimiwa Liwali, ambaye leo umefika kabla ya wenyeji wako na kutuaibisha wapenda saa wote, Bwana Stesheni Masta, Baba Padre, masheikh na wazee wetu wa mjini, shikamooni, Mwalimu Justus, Mwenyekiti wa Chama cha Wapenda Saa, shoga yangu Apolinaria, mke wa mstaafu wetu, ndugu wafanyakazi wa reli na wageni mlioalikwa, pamoja na ninyi mlionusa pilau mkaja bila kualikwa: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima yake.

Kwa wasionijua, mimi ni Mwamvita binti Shomari, mjane wa Selemani fundi saa, yule wa kibanda cha karibu na soko. Tangu Mungu amchukue mwaka jana kibanda nakiendesha mwenyewe, kwa maana miaka ishirini nilimshikia taa na kibano, nikaiiba kazi yote kwa macho. Mwenyekiti ameniomba niseme maneno machache ya kumuaga Gadi Wenceslaus, anayerudi kwao Puge baada ya miaka thelathini na miwili ya kupeperusha bendera ya kijani nyuma ya treni. Ameniambia nisizidi dakika kumi. Ameniambia hayo huku akiitazama saa yake, na mnamjua Mwalimu Justus, akianza kuitazama ile saa huwa haachi.

Mheshimiwa Liwali, labda unajiuliza, hiki chama cha wapenda saa ni chama gani? Hakina kadi wala muhuri. Kila Jumapili ya tatu ya mwezi, saa kumi jioni, watu wazima wenye akili zao hukusanyika barazani kwetu Cheyo, huvua saa zao mikononi na kuzilaza juu ya kitambaa cha kijani, kisha huziinamia kama kina mama wanaochambua mchele. Sheria yetu ni moja tu. Hakuna ruhusa ya kuvaa saa yako mpaka kwanza uisifu ya mwenzako, tena uisifu kwa sababu, siyo kusema tu nzuri, nzuri. Kuna siku Bwana Ngollo, mfanyabiashara wa asali kutoka Ipuli, alikaa mkono mtupu mpaka magharibi kwa sababu alikataa katakata kuisifu saa ya Mwalimu.

Nani angemlaumu? Saa ya Mwalimu Justus inang'aa gizani. Ni jambo la ajabu, nakiri. Lakini je, ndugu zangu, ni lazima kila mgeni aingizwe chini ya meza na kufunikwa blanketi ili aione iking'aa? Baba Padre, nasikia hata wewe uliingia. Na Bwana Ngollo naye anavaa saa mbili, moja kila mkono, ati moja ikikosea nyingine itamsahihisha. Nimemwuliza mara ngapi, zikitofautiana anaamini ipi? Hunijibu kwamba anaamini ile ya ghali. Haya, msicheke sana, naye amekaa na bakuli la nyama karibu yenu.

Sasa nije kwa hawa wawili waliokuwa roho ya baraza letu, Gadi Wenceslaus na marehemu mume wangu.

Saa ya Gadi mnaifahamu. Ya Uswisi, vito kumi na saba ndani, kioo hakina hata mkwaruzo, na kamba ya ngozi aliyokuwa akiipaka mafuta kabla ya kujipaka yeye. Apolinaria aliwahi kuniambia, "Shoga, mimi nilipata homa wiki nzima, akawa ananiuliza hali mara moja kwa siku. Ile saa anaiuliza hali mara kumi." Gadi aliiweka sawasawa na saa ya stesheni, nayo ya stesheni, kama tujuavyo, huletewa majira yake kwa simu kutoka Dar es Salaam.

Selemani hakutaka hata kusikia. Babu yake alifika mji huu na misafara, mzigo kichwani, na misafara ilikwenda kwa jua. Kila magharibi, jua la Tabora likizama, Selemani aliirudisha mishale ya saa yake kwenye kumi na mbili kamili. "Jua la Dar es Salaam liko Dar es Salaam," alikuwa akisema. "Mimi nipo hapa." Na kwa kuwa jua huifikia bahari kwanza kabla ya kutufikia sisi huku, saa ya mume wangu siku zote ilikuwa nyuma ya saa ya reli kwa nusu saa na kitu. Mwezi baada ya mwezi walikuwa wakizilaza saa zao mbili kando kando, wakihesabu tofauti na kuiandika kwenye daftari, halafu wakigombana mpaka chai inapoa. Gadi angesema, "Fundi, saa yako ni nzuri sana, tatizo inaishi enzi za babu yako." Mume wangu angejibu, "Na yako ni nzuri, Gadi, tatizo haijui inaishi wapi."

Sasa Bwana Stesheni Masta, leo umesoma mbele yetu kitabu cha utumishi wa Gadi. Miaka thelathini na miwili, hakuna ulevi, hakuna ajali, hakuna mzigo uliopotea. Halafu ukafika kwenye ule mstari mmoja wa mwaka hamsini na moja, ukakohoa kidogo, ukausoma. Treni ya Kigoma ilichelewa kuondoka Tabora dakika thelathini na moja kwa sababu gadi alisahau kuitia saa yake ufunguo.

Watu wamecheka. Mmezoea kucheka. Miaka sita sasa, Gadi akipita sokoni, hata muuza karanga humwuliza, "Gadi, umeitia ufunguo?" Barazani kwetu ndiyo ilikuwa salamu. Mwenyekiti, wewe ndiye uliyekuwa kinara. Gadi naye hunyanyua mkono, hutabasamu, hupita zake. Mlijua kwamba mwaka ule alikuwa ametajwa apandishwe awe inspekta? Kwa mstari ule cheo kikampita, akapewa mwingine. Na sasa anaondoka kwenda kwao na jina hilo, mpenda saa aliyesahau kuitia saa yake ufunguo.

Ndugu zangu, ni uongo. Saa ile haikusimama.

Gadi, kaa kitako. Nakuona unanipungia mkono. Unasema nini? "Shemeji, tulikubaliana." Ulikubaliana na Selemani, na mimi hukukubaliana. Apolinaria, mshike kanzu huyo asitoroke.

Wiki ile binti yetu Maua alikuwa anaolewa Kigoma, nikahi Ijumaa baada ya sala, na baba ndiye wa kumwozesha. Treni ilikuwa Jumatano saa mbili asubuhi, nyingine mpaka Jumamosi. Tangu alfajiri nimefunga mikeka, nimefunga sufuria, nimemvalisha shangazi mtu baibui. Nikamwambia mume wangu, twende. Akatazama mkono wake, akasema bado. Nikasema, baba Maua, watu wa reli wana majira yao. Akasema, "Mwanamke, unamfundisha fundi saa kusoma saa?" Miaka kumi alikuwa hajapanda treni. Katika haraka ya harusi akasahau, yeye aliyekuwa akiihesabu tofauti ile kila mwezi kwenye daftari, kwamba safari hii anakwenda kwa saa ya watu wengine. Tukatoka Cheyo kwa miguu, taratibu, kama matajiri.

Nilipoona wachuuzi wa stesheni wanarudi na vikapu vitupu, nilijua tumekwisha. Wachuuzi hurudi treni ikishaondoka. Nilianza kulia njiani, sufuria kichwani, wallahi sikuona haya. Mume wangu alianza kukimbia, mtu mnene vile.

Treni ilikuwapo.

Ilikuwapo, imejaa, wachuuzi wameuza mpaka wakaishiwa, abiria wamechungulia madirishani wanatukana. Na Gadi Wenceslaus amesimama kando ya behewa lake, bendera ya kijani ameikunja kwapani. Mwezi ule, mtakumbuka, saa kubwa ya ukutani ya stesheni ilikuwa imeshushwa, iko mezani kwa Selemani tumbo wazi, kwa hiyo stesheni nzima ilitegemea mkono wa Gadi. Aliwaambia wote kwamba saa yake imesimama, alisahau kuitia ufunguo, wamsubiri aiweke sawa. Akatuambia na sisi, "Pandeni, pandeni, hamjachelewa, kosa ni langu."

Lakini fundi saa hadanganywi kwa saa inayotembea. Selemani aliutazama mkono ule, akauona mshale wa sekunde unakwenda. Akapanda. Treni ilipofika Urambo alishuka akaenda kwenye behewa la gadi, akamwuliza kwa nini. Gadi akamjibu, "Ningesema nimemngoja fundi saa aliyekosea saa, nani angekuletea saa tena? Mimi nikisahau ufunguo watanicheka tu. Nawe usiseme kitu, wakijua nilingoja makusudi watanifukuza."

Alijuaje angoje kiasi gani? Habari ya safari yetu ya harusi alikuwa nayo, lakini hakutuma mtu, hakujua tuko wapi. Ila alijua saa ya rafiki yake iko nyuma dakika thelathini na moja, aliihesabu mwenyewe Jumapili iliyotangulia. Akazingoja hizo, hakuzidisha, hakupunguza.

Bwana Stesheni Masta, nakuona umekunja uso. Karatasi za kustaafu zilitiwa saini jana saa nne asubuhi na nakala moja imeshakwenda Dar es Salaam. Nilikwenda kuuliza kwanza, mimi si mtoto. Selemani aliniambia kitandani, siku zake za mwisho, "Mama Maua, siku Gadi akistaafu, sema. Usiseme kabla, utamkosesha mkate. Mimi nilitaka kusema kila Jumapili wakimcheka, na kila Jumapili niliogopa kukipoteza kibanda." Alilia aliposema hivyo. Nami nilimkasirikia, nakiri mbele yenu, kwa sababu na yeye alikuwa akicheka pamoja nanyi.

Kwa hiyo leo nimesema, na jina la kibanda ndilo jina langu sasa. Mwenye saa yake kwangu akiogopa, Jumatatu mlango uko wazi, aje aichukue. Sitamlaumu. Bwana Ngollo, wewe usianze kunyanyuka, zako mbili bado sijazifungua.

Mwenyekiti, nakuomba jambo moja. Lile swali la ufunguo lisiulizwe tena katika mji huu. Na wewe Bwana Stesheni Masta, mstari ule sijui kama kalamu yako inaruhusiwa kuufuta. Kama hairuhusiwi, basi nimewaambia watu wote hawa, na watu wa Tabora hawahitaji kalamu.

Gadi Wenceslaus, shemeji yangu. Maua ana watoto wawili leo, na mume anayemheshimu. Ijumaa ile baba yake aliushika mkono wa mkwewe akamwozesha binti yake, akatabasamu, na hakuna mtu Kigoma aliyejua kwamba tulikaribia kuaibika. Mume wangu alikupenda sana, akashindwa kukushukuru mbele za watu, akaenda na shukrani zake kaburini. Namwombea radhi kwako. Hukusahau ufunguo, shemeji. Ulitungoja.

Mheshimiwa Liwali, wazee wangu, ndugu zangu, nimezidisha dakika nilizopewa, na mnajua nimejifunza kwa nani. Asanteni sana kwa kunitegea sikio.